Mwongozo wa Kuendesha Makontena Bila Kujifanya Ruti

Ondoa kidole kwenye herufi S. Kilikuwa kinakwenda kuandika `sudo`, na sababu inajulikana: umeandika `podman run`, skrini imekujibu Permission denied, na jirani yako wa meza ya pili amekwisha kupaza sauti kwamba weka sudo mbele, itakubali. Ni kweli, itakubali. Tatizo linaanzia hapo inapokubali.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye akaunti ya kawaida kwenye seva anayoitumia pamoja na wenzake: maabara ya chuo, ofisi ndogo ya programu, mashine iliyokodiwa kwa mchango wa marafiki. Anataka kuendesha Postgres au tovuti yake ndani ya kontena, mafaili yaandikwe kwenye folda yake, naye aweze kuyasoma, kuyahariri na kuyafuta bila nguvu za ruti, yule mtumiaji namba 0 ambaye Linux haimnyimi karibu chochote. Jambo hili linawezekana, tena vizuri kiasi kwamba inaniuma kila ninapoona kijana mwenye akili zake anaanza siku kwa kuomba nywila ya ruti ili ajaribu kontena la dakika tano.

Kwanza, waepuke wataalamu wawili

Mtaalamu wa kwanza ni yule wa sudo. Kila swali unalomuuliza ana jibu moja, na hata ukimuuliza saa ngapi ataiweka sudo mbele. Ukimsikiliza, `sudo podman run` itaendesha kontena lako, lakini imeji zitahifadhiwa `/var/lib/containers`, kwenye ghala la ruti, si kwenye `~/.local/share/containers` ambako ndiko kwako. Kesho ukiandika `podman images` bila sudo utakuta hakuna kitu na utadhani umeibiwa. Mafaili ambayo kontena limeandika kwenye mradi wako nayo kwa kawaida yatakuwa mali ya mtumiaji namba 0, kwa hiyo kuyahariri utahitaji sudo, kuyabadilishia ruhusa sudo, kufuta folda zake zenye vitu ndani sudo. Sudo huzaa sudo.

Ana binamu yake anayevaa suti, wa `usermod -aG docker`. Anakuambia kwamba huhitaji sudo tena, jiunge tu na kundi la docker. Hakuambii kwamba soketi ya Docker ya kawaida inazungumza na programu inayoendeshwa na ruti mwenyewe, na kwamba aliye kwenye kundi hilo anaweza kuunganisha diski nzima ya seva ndani ya kontena kisha akasoma `/etc/shadow` bila kubisha hodi. Nyaraka za Docker zenyewe zinaonya kwamba kundi hilo linatoa uwezo sawa na wa ruti. Huko ni kugawa funguo za seva na kuziita kadi za uanachama.

Mtaalamu wa pili ni wa 777, na huyu ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu haombi nywila ya mtu. Ruhusa za faili ni hesabu ya darasa la kwanza: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1, jumla 7. Saba ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ni ya kundi, ya tatu ni ya kila mtu mwingine. Kwenye seva ya maabara, kila mtu mwingine maana yake ni kila mtu mwingine, pamoja na yule aliyejifunza `rm` asubuhi hii na bado ana hamu nayo. `chmod -R 777` haijibu swali ambalo mfumo umeuliza. Mfumo umeuliza faili hili ni la nani, wewe umejibu ni la wote.

Na programu nzuri hazikubali upuuzi huo. Postgres hukataa kuwaka ikikuta folda yake ya data iko wazi kwa wote. Inataka 700 au 750. Ssh hukataa kuutumia ufunguo wa siri ambao wengine wanaweza kuusoma. Ukimpa mtaalamu wetu sudo juu ya 777 yake, akaandika `sudo chmod -R 777 /usr`, atakuwa ameifuta biti maalumu inayoifanya sudo ifanye kazi, na sudo itakataa amri yake inayofuata. Hapo mtaalamu wa kwanza naye anakosa ajira.

Pili, mfahamu mwenyekiti wa kamati ya harusi

Mwenyekiti wa kamati ya harusi akiwa kikaoni ni Mheshimiwa. Anapanga michango, anapunguza bajeti ya keki, anamteua mweka hazina, na akigonga meza watu wanyamaze, wananyamaza. Kikao kikiisha anapanda daladala, analipa nauli kama abiria wengine, na kondakta anamwambia asogee nyuma. Ruti aliye ndani ya kontena lisilo na ruti, yaani lililoendeshwa bila nguvu za ruti wa seva, ndiye huyo. Ndani anasakinisha programu, anabadilisha wenye mafaili, anaunda watumiaji. Nje ni wewe, tuseme mtumiaji namba 1000, na usichoruhusiwa wewe, yeye naye haruhusiwi.

Uwezo huu uko ndani ya kerneli yenyewe. Tangu toleo la 3.8 la Februari 2013, kwa kazi iliyoongozwa na Eric Biederman, Linux inaweza kuipa programu orodha yake ya namba za watumiaji, tofauti na orodha ya mashine. Podman, iliyoanzia Red Hat na kufikia toleo la 1.0 Januari 2019, ilijengwa ili mtu wa kawaida aitumie hivyo, bila programu ya ruti inayokaa nyuma ya pazia. Docker nayo ina njia yake isiyo na ruti, iliyotoka kwenye majaribio katika toleo la 20.10 mwishoni mwa 2020.

Atakayekuambia haya ni mapambo tu, mkumbushe Februari 2019. Mwezi huo lilitangazwa pengo la usalama la CVE-2019-5736 katika runc, programu inayowasha makontena ya Docker na mengine mengi. Kontena lenye nia mbaya, likiendeshwa kwa ruti wa kweli, lingeweza kuiandika upya runc ya seva na hivyo kuitwaa seva nzima. Kontena ambalo ruti wake ni mtumiaji wa kawaida, tuseme Asha wa namba 1000, lingegonga ukuta, kwa sababu Asha hana ruhusa ya kuandika juu ya runc. Ukuta huo ndio ninaoutetea, maana seva ikitwaliwa hakitwaliwi chako peke yako. Kuna tasnifu za watu humo.

Tatu, omba viwanja vyako

Ili ndani ya kontena pawe na watumiaji wengi, lazima utengewe namba za ziada. Zinaandikwa kwenye mafaili mawili, `/etc/subuid` kwa watumiaji na `/etc/subgid` kwa makundi. Angalia kama zako zipo:

`grep $USER /etc/subuid /etc/subgid`

Jibu zuri linafanana na `asha:100000:65536`, yaani Asha amepewa namba 65,536 kuanzia 100000. Juma anayemfuata hupewa kuanzia 165536, ili wasigongane. Kisha angalia `ls -l /usr/bin/newuidmap`. Kwenye Debian na Ubuntu unatakiwa kuona herufi `s` kwenye ruhusa zake. Kama faili halipo, kifurushi chake kinaitwa `uidmap`. Fedora hutumia njia nyingine ya kuipa programu hiyo uwezo, kwa hiyo ukikosa `s` huko, iulize `getcap` kabla ya kulalamika.

Kama namba hazipo, hapa ndipo unapomhitaji msimamizi wa mfumo. Mwandikie kwa adabu na kwa ufupi: "Habari za kazi, kaka. Naomba uniwekee uidmap, na unitengee namba 65,536 katika subuid na subgid. Sihitaji sudo." Sentensi ya mwisho itamfanya akujibu kabla ya chai ya saa nne. Yeye ataandika:

`sudo usermod --add-subuids 100000-165535 --add-subgids 100000-165535 asha`

akiwa amehakikisha kwamba namba hizo hazina mwenyewe. Ukishapewa, andika `podman system migrate`, la sivyo Podman itaendelea kuamini kwamba huna kitu.

Nne, hesabu, na usiiruke

Watu wengi wanaokwama hukwama hapa, kwa hiyo hapa tutakaa. Andika:

`podman unshare cat /proc/self/uid_map`

Kama namba zako ni kama za Asha, utaona mistari miwili: `0 1000 1`, kisha `1 100000 65536`. Mstari wa kwanza unasema namba 0 ya ndani ndiyo 1000 ya nje, mtu mmoja basi. Wa pili unasema kuanzia namba 1 ya ndani, hesabu ya nje inaanzia 100000. Kwa hiyo namba yoyote ya ndani isiyo sifuri, iongezee 99,999 upate ya nje.

Sasa zifuate programu unazozijua. Imeji rasmi ya Postgres inayotokana na Debian huendesha hifadhidata kwa mtumiaji 999, kwa hiyo nje mafaili yake yatakuwa ya 100998. Ile ya Alpine hutumia 70, nje 100069. Nginx hutumia 101, nje 100100. Imeji ya Node ina mtumiaji anayeitwa node mwenye namba 1000, na hapa ndipo panapotegwa watu, kwa sababu nawe ni 1000. Chini ya Docker ya ruti mlikuwa mtu mmoja na kila kitu kikaenda kwa bahati. Chini ya Podman isiyo na ruti, 1000 wa ndani ni 100999 wa nje, hamjuani kabisa, na folda uliyompa ni yako wala si yake. Ndani anaiona kuwa mali ya ruti. Anajaribu kuandika, anakataliwa, na wewe unaapa kwamba namba ni zilezile.

Kuanzia leo, ukikataliwa ruhusa, usiulize jukwaa lolote. Andika `ls -ln` kwenye folda husika, na `-n` ni ya lazima kwa sababu unataka namba. Ukiona 1000, mali ni yako, na anayelalamika ni mtumiaji wa ndani. Ukiona namba kubwa kama 100998, mali ni ya kontena lako mwenyewe, na unayelalamika ni wewe. Ukiona 0, kuna mtu alipita hapa na sudo, na kama seva unaitumia peke yako unamjua. Kila jibu kati ya haya lina tiba yake, na hakuna hata moja ambalo tiba yake ni 777.

Tano, tiba

Nianze na lile la namba kubwa, kwa sababu ndilo linaloliza watu. Umeendesha Postgres ukiipa folda ya `data`. Kontena lilipoanza, ruti wa ndani alibadilisha mwenye folda kuwa postgres na kuifunga kwa 700. Sasa wewe uliyeiunda kwa mkono wako huwezi hata kuiorodhesha, na `rm -rf data` inakataa. Usitafute sudo. Ingia kwenye orodha yako ya namba:

`podman unshare ls -ln data`

`podman unshare rm -rf data`

Amri inayoifuata `podman unshare` inaendeshwa ukiwa mwenyekiti. Kama hutaki kufuta ila unataka mali irudi mikononi mwako, andika `podman unshare chown -R 0:0 data`. Isome tena amri hiyo, maana ina raha yake: unampa ruti, na kwa kuwa ruti wa ndani ni wewe wa nje, umejirudishia mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu. Vilevile, kama mtumiaji node anakataliwa, mpe folda yake kwa `podman unshare chown -R 1000:1000 mradi`. Podman inaweza kukufanyia hivyo yenyewe ukiongeza `:U` mwishoni mwa `-v`, lakini itabadilisha wenye mafaili yote ya folda hiyo, kwa hiyo usiielekeze kwenye folda ya picha za familia.

Kwa kazi ya kila siku, ambapo unahariri msimbo nje na kontena linausoma ndani, mimi napenda njia nyingine. `--userns=keep-id` inapanga hesabu upya ili 1000 wa nje awe 1000 wa ndani. Kuanzia toleo la 4.3 unaweza hata kuchagua uwe nani:

`podman run --userns=keep-id:uid=999,gid=999 -e POSTGRES_PASSWORD=siri -v ./data:/var/lib/postgresql/data docker.io/library/postgres:16`

Ndani wewe ni postgres wa 999, na nje mafaili yote yanabaki ya Asha. Unayahifadhi, unayanakili, unayafuta, hakuna anayekuuliza. Weka nywila ya maana kuliko hiyo yangu.

Faili lenye namba 0 ndilo pekee linalohitaji ruti, kwa sababu ruti ndiye aliyelileta. Msimamizi aandike `chown -R asha: mradi` mara moja, na aliyetumia sudo atumwe soda za ofisi nzima. Ukilitazama faili hilo kupitia `podman unshare ls -ln` utaona namba 65534, ambayo ni namna ya kerneli kusema kwamba mwenye mali hii hayumo kwenye orodha yako. Ukiiona 65534, acha kuhangaika na unshare. Mwenyekiti hana mamlaka nje ya kamati.

Na kuna tiba moja inayoua mgonjwa. Usijaribu kamwe `sudo chown -R asha ~/.local/share/containers`. Inaonekana ya busara, folda iko nyumbani kwako, kwa nini iwe na namba za ajabu? Kwa sababu namba hizo ndizo wenye mafaili ya ndani ya imeji. Ukizifuta, kila mtumiaji wa kila kontena anapoteza mali yake kwa mkupuo, na kinachobaki ni `podman system reset`, ambayo hufuta imeji, makontena na voliumu zako zote. Kama ndani ya voliumu kulikuwa na hifadhidata ya mteja, mwongozo huu hauna ukurasa wa kukufariji.

Sita, yaliyobaki

Kwenye Fedora na jamaa zake, namba zinaweza kuwa sahihi kabisa na bado ukakataliwa, kwa sababu kuna mlinzi wa pili, SELinux, anayeangalia lebo za mafaili. Ongeza `:Z` mwishoni mwa `-v` kama folda ni ya kontena moja, `:z` ndogo kama makontena kadhaa yanaitumia. Usiiweke `:Z` kwenye folda yako nzima ya nyumbani. Na usimzime mlinzi kwa `setenforce 0`. Hiyo ni 777 iliyobadilisha jina.

Kama nyumbani kwako pako kwenye NFS, kama ilivyo kwenye maabara nyingi, imeji hazitakaa vizuri huko, kwa kuwa seva ya NFS haijui lolote kuhusu orodha yako ya namba za ziada. Elekeza `graphroot` ya `~/.config/containers/storage.conf` kwenye diski ya mashine unayoitumia.

Kama data ya utafiti iko kwenye folda ambayo unaifikia kwa sababu tu uko kwenye kundi fulani, kontena kwa kawaida haliendi na kundi hilo. Ongeza `--group-add keep-groups` na hakikisha kinachoendesha makontena yako ni crun. Lakini usichoweza kukifikia wewe, kontena lako halitakifikia, na `namei -l` ikifuatiwa na njia nzima ya faili itakuonyesha ni folda ipi kati ya zote iliyofunga mlango.

Poti zilizo chini ya 1024 si zako. Andika `-p 8080:80` uendelee na maisha.

Mwisho, ukitoka kwenye seva, systemd inaweza kuzima kila kilichokuwa chako, hifadhidata ikiwemo, na asubuhi ukarudi na hasira ukilaumu ruhusa ambazo hazina hatia. Andika `loginctl enable-linger`. Baadhi ya seva zitataka msimamizi ndiye akuandikie, kwa hiyo liunganishe ombi hili na lile la namba ili umsumbue mara moja tu. Ukiingia tena, ingia kwa ssh moja kwa moja kama wewe mwenyewe, si kwa `su` kutoka akaunti ya mtu, ambayo mara nyingi huacha `XDG_RUNTIME_DIR` ikiwa tupu na Podman ikakosa mahali pa kuandika. Kisha andika `podman ps`. Safu ya hali ya kontena inapaswa kukuonyesha saa zote ulizokuwa umelala.